Mwongozo kamili: hesabu hela unayoweka kwenye ubunifu wa biashara yako, halafu uitumie kupata sapoti ya serikali (Tanzania)

Wenye karakana, viwanda vidogo na hata vijana wa programu za simu wanauliza swali lile lile, serikali inatoa wapi hela za ubunifu? Swali ni zuri ila limeanzia katikati. Kabla hujauliza hela iko wapi lazima uweze kumuonyesha mtu kwenye karatasi kwamba wewe mwenyewe umeshaweka kiasi gani na umepata nini, sababu dirisha lolote utakaloenda, iwe COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), SIDO (shirika la viwanda vidogo), benki, TRA au halmashauri, wote wanataka kujua umefanya nini mpaka sasa na ushahidi uko wapi. Unamkuta mtu kaunda mashine inafanya kazi kabisa, iko pale uani watu wanakuja kuikodi, ukimuuliza imekugharimu shingapi anasema "kama milioni nne tano hivi". Hiyo "kama" ndio inayomkosesha ruzuku, na inaniuma maana mashine yake ni nzuri kuliko za wengi wanaopata.

Nitatumia mfano mmoja ili twende pamoja. Tuseme una kinu kidogo cha kukamua alizeti Singida. Mafuta yanatoka na mashapo, unayaacha kwenye mapipa siku kadhaa yatulie ndio uyauze, na maduka ya mjini hayataki chupa yenye tope chini. Unaamua kutengeneza chujio lako mwenyewe kwa vifaa vya hapa hapa. Ubunifu umeanza hapo, na hela imeanza kutoka mfukoni.

HATUA YA 1: Tenganisha gharama za ubunifu na gharama za kawaida

Kuna kipimo kinachotumika karibu dunia nzima kinaitwa Frascati, kilitoka OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, mwaka 1963 na kikabeba jina la mji wa Italia walikokutania wataalamu. Kinauliza mambo matano: kuna kitu kipya unakitafuta? Wazo lina ubunifu ndani yake au ni kazi ya kila siku? Je ulikuwa hujui kama litafanikiwa? Umefanya kwa mpangilio na bajeti? Na mtu mwingine akifuata maandishi yako atapata jibu lile lile? Ukijibu ndio kwa yote matano basi hiyo ni gharama ya utafiti na majaribio.

Kwenye kinu chetu, kubadilisha mkanda wa mota uliokatika sio utafiti, hayo ni matengenezo. Kununua chujio lililotengenezwa tayari kutoka dukani Dar nako sio utafiti, ila inaweza kuhesabika kama gharama ya ubunifu kama kiwanda chako kilikuwa hakijawahi kuchuja, maana mchakato mzima unabadilika. Kujaribu vitambaa vitatu tofauti na joto tofauti la mafuta kuona kipi kinatoa mafuta safi bila kuziba haraka, hiyo ni utafiti kabisa hata kama hujavaa koti jeupe.

Kwa hiyo weka mafungu mawili. Fungu la kwanza utafiti na majaribio: vifaa vya kujaribia, muda wa watu, vipimo vya maabara, sampuli zilizoharibika. Fungu la pili ubunifu mwingine: mafunzo ya wafanyakazi kutumia mtambo mpya, kusanifu chupa na lebo, mashine mpya uliyonunua, ada za kusajili, kutafuta soko la bidhaa mpya. Usiyachanganye, utaona mbele kwamba TRA wanayaangalia kwa macho tofauti.

HATUA YA 2: Daftari la majaribio (hii usiiruke hata kidogo)

Chukua kaunta buku moja la kawaida, andika namba kila ukurasa, usichane karatasi. Kila siku ya majaribio andika tarehe, umebadilisha nini, umepata nini, nani alikuwepo masaa mangapi, umenunua nini na risiti namba ngapi. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Jumatano. Chujio la pili. Kitambaa cha turubai tabaka mbili, mafuta lita 20, tumeyapasha kidogo kabla ya kumimina. Dakika 50. Yametoka safi lita 18 na nusu. Kitambaa kimeanza kuziba baada ya lita 12, tumekitoa tukakiosha tukaendelea. Fundi wa kuchomelea masaa 4, mimi masaa 3. Kitambaa 14,000, bolti na nati 6,000, risiti zimebanwa ukurasa huu. Kesho: tabaka moja, tuone kama kuziba kutapungua."

Angalia ukurasa huo ulivyobeba mambo. Kuna jambo lililokuwa halijulikani, kuna kipimo, kuna gharama, kuna hatua inayofuata. Mtathmini akisoma kurasa ishirini za namna hiyo hahitaji kukuuliza kama uko siriasi. Na jaribio lililofeli liandike vile vile, tena kwa urefu zaidi, kwa sababu kufeli ndio ushahidi kwamba ulikuwa unatafuta kitu usichokijua. Piga na picha kwa simu, tarehe inabaki kwenye picha.

Risiti: dai ya EFD (ile ya mashine) kila unaponunua, na iwe na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Zile karatasi za kuandika kwa mkono zinaweza kukusaidia kumuelewesha mtu ulitumia nini lakini kwa TRA utahangaika nazo. Halafu risiti za EFD zinafifia, wino unapotea ndani ya miezi michache hasa ukiziweka kwenye joto, kwa hiyo piga picha au toa kopi siku ile ile.

Muda wako mwenyewe uhesabu. Kama biashara ni yako binafsi na sio kampuni huwezi kujilipa mshahara ukaukata kwenye kodi, lakini kwenye andiko la kuomba ruzuku masaa yako yanaingia kama mchango wako, na wafadhili wengi wanataka kuona mchango huo. Chukua bei ambayo ungemlipa fundi wa kiwango chako, zidisha na masaa yaliyoandikwa kwenye daftari.

HATUA YA 3: Karatasi za biashara

Hapa sitakaa sana. TIN ya TRA (bure), jina la biashara au kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kupitia mfumo wao wa mtandaoni, leseni ya biashara, akaunti ya benki ya biashara ambayo haichanganyiki na hela ya nyumbani. Zanzibar usajili unafanyika BPRA. Kikundi kinasajiliwa halmashauri kupitia maendeleo ya jamii. Kama huna hivi anza navyo wiki hii hii, sababu matangazo ya ruzuku yakitoka muda ni mfupi na wenye karatasi tayari ndio wanaowahi.

HATUA YA 4: Linda kabla ya kuonyesha

Watu wanakimbilia maonyesho, Sabasaba, Nane Nane, wanaweka mashine pale inapigwa picha kila upande, halafu ndio wanakumbuka hataza (patent, haki ya kumiliki ulichobuni). Hataza inataka kitu kiwe kipya, na ukishakitangaza hadharani unaweza kuwa umejiharibia mwenyewe. Mpangilio sahihi ni huu: nenda BRELA kwanza, wasilisha maombi, ukishapata tarehe ya maombi ndio uonyeshe. Tanzania iko pia ndani ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kulinda ubunifu lenye makao Harare, kwa hiyo ukilenga nchi jirani kuna njia ya kuomba ulinzi wa nchi kadhaa kwa ombi moja. Hataza inalinda mpaka miaka 20 lakini ina ada za kuilinda isife, kwa hiyo jiulize kama chujio lako ni jipya kweli au ni jina tu ndio jipya. Kwa wengi, alama ya biashara inatosha kuanzia na ni rahisi zaidi. Programu ya kompyuta na maandishi, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukipeleka kazi yako kwenye karakana ya mtu au chuo, sainini makubaliano ya kutunza siri na ya nani anamiliki kitakachopatikana, hata ukurasa mmoja tu, kabla bamba la kwanza halijakatwa.

HATUA YA 5: Chagua sapoti inayolingana na hatua uliyofikia

Hapa ndipo watu wanapopotea, na mimi ningependa ukae hapa kuliko sehemu nyingine yoyote. Sapoti ya serikali sio hela mkononi peke yake. Kuna huduma na vifaa, ruzuku, mkopo, kodi, na serikali kuwa mteja wako. Kila moja ina wakati wake, ukiichukua nje ya wakati inakuumiza.

Ukiwa bado unajaribu, tafuta huduma na vifaa. Hii watu wanaidharau sana lakini ndio hela halisi, maana usichokitumia kununua mashine ya kukata chuma kimebaki kwako. SIDO ilianzishwa kwa sheria ya 1973 na ina ofisi mikoani, kwenye baadhi ya mikoa kama Mbeya, Iringa, Kilimanjaro na Kigoma ina vituo vya kuendeleza teknolojia ambako mashine zinatengenezwa. Arusha kuna TEMDO wanaosanifu mashine na CAMARTEC wa zana za kilimo, Dar kuna TIRDO wa utafiti wa viwanda, na kuna DIT, chuo cha teknolojia. Ukihitaji mtu wa sayansi ya chakula aangalie mafuta yako, chuo cha kilimo SUA Morogoro wapo, na chuo cha Nelson Mandela Arusha wana watafiti wanaotafuta tatizo la kweli la kufanyia kazi. Nenda na daftari lako, utapokelewa kama mtu wa kazi. Barua ya utambulisho ya SIDO ni muhimu sana pia upande wa TBS (shirika la viwango), wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO wanapimiwa bidhaa na kupewa leseni ya alama ya ubora bila kutoa ada kwa kipindi cha mwanzo, kwa hiyo usilipe kabla hujapita SIDO kuulizia. Na mafuta ya kula sasa hivi ni TBS, ile kazi ya chakula ilitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, 2019.

Sampuli ikishafanya kazi mbele ya macho ya mtu, ndio muda wa ruzuku. COSTECH, pale Kijitonyama Sayansi, iliundwa kwa sheria ya 1986 na ndio inasimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, NFAST. Wanatoa matangazo ya kuita maandiko, kila tangazo lina masharti yake, mengine yanataka taasisi ya utafiti iwe mwombaji mkuu. Ndio maana nimesema mtafute mtafiti mapema, wewe unaleta tatizo, kiwanda na soko, yeye analeta maabara na jina la chuo. Njia nyingine ni MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Yana kundi la wabunifu wa mfumo usio rasmi, kwa hiyo fundi aliyeishia darasa la saba anaingia na anasikilizwa. Zawadi ni nzuri ila usiingie kwa ajili ya zawadi, ingia kwa sababu wanaofanya vizuri wanatambuliwa na kuendelezwa na serikali, na hilo linafungua milango mingine. Kuna pia iMbeju ya CRDB Bank Foundation iliyoanza 2023 kwa kushirikiana na COSTECH na Tume ya TEHAMA, huo ni mtaji wa kuanzia kwa vijana na wanawake.

Niseme ukweli kuhusu ruzuku: ni chache na wanaoomba ni wengi. Umoja wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kila nchi ifikishe asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti, na nchi nyingi mpaka leo ziko mbali na hapo. Majirani Kenya waliandika kabisa kwenye sheria yao ya 2013 kwamba asilimia 2 ya pato la taifa iende mfuko wa utafiti, na bado kuandika na kutoa ni mambo mawili tofauti. Omba, tena omba kila mwaka, lakini mshahara wa fundi wako usitegemee jibu la ruzuku.

Mkopo ni wa kukuza kitu kilichothibitika. Sio wa majaribio. Narudia tena, sio wa majaribio, kwa sababu jaribio linaweza kufeli na rejesho la mwezi halifeli. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Hiyo ichukue pale chujio limeshafanya kazi, wateja wapo, na unachohitaji ni machujio matano zaidi au mbegu za kununua msimu wa mavuno bei ikiwa chini. Kuna mikopo ya SIDO yenyewe, na ukienda benki ya kawaida ukakwama kwenye dhamana, uliza kuhusu mpango wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo na za kati unaosimamiwa na BoT, Benki Kuu. Maafisa wengine wa benki hawakutajii mpaka uulize.

Kodi ni sapoti ambayo wengi hawajui kama wanayo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina kifungu cha gharama za utafiti na maendeleo, kinakuruhusu kuzitoa gharama hizo kwenye mapato ndani ya mwaka uliozitumia. Mfano kampuni imetumia milioni 8 kwenye majaribio na ina faida, kodi ya kampuni ni asilimia 30, basi kodi yake inapungua 2,400,000. Hakuna andiko, hakuna mashindano, hakuna kusubiri jibu. Ila kuna mitego. Mashine yenyewe uliyonunua haiingii hapo, inaenda kwenye uchakavu na inakatwa kidogo kidogo miaka inayofuata, ndio sababu nilikwambia mafungu mawili. Na kama wewe ni mtu binafsi unayelipa kodi ya makadirio inayopigwa kwenye mauzo, gharama zako hazipunguzi kitu hata ukitumia milioni 20. Mtu binafsi anaweza kuchagua kutoka kwenye makadirio na kuandaa mahesabu kamili, kaa na mhasibu mpige hesabu mwaka ambao unatarajia kutumia sana kwenye ubunifu, kuna watu wangeokoa hela nyingi hapo. Kumbukumbu zitunze miaka 5.

Mwisho kwenye fungu hili, serikali kama mteja. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum: vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kila kitu kinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, toka 2023. Shule na magereza wananunua mafuta ya kula mara kwa mara, na bidhaa yenye alama ya TBS inaingia. Kwa mtazamo wangu oda moja ya serikali inayolipwa inazidi ruzuku, kwa sababu inakupa mauzo ya kuonyesha kesho. Jiandae tu kwamba malipo yanaweza kuchelewa, usiingize mtaji wako wote kwenye oda moja.

HATUA YA 6: Andiko

Kurasa chache, Kiswahili au Kiingereza kama tangazo linavyotaka. Anza na tatizo kwa namba zako mwenyewe: "kabla ya chujio tulisubiri siku 5 kuuza, tukipoteza lita kadhaa kila pipa, sasa tunauza siku ile ile". Kisha ulichofanya mpaka sasa na hela uliyoweka, jedwali moja kutoka kwenye daftari. Kisha kile usichokijua bado na utakavyokitafuta, hapa watu wanaogopa wanaandika kila kitu kimekamilika, halafu mtathmini anajiuliza sasa hela ya nini. Kisha bajeti. Kila mstari wa bajeti uwe na proforma invoisi (karatasi ya bei anayokupa muuzaji kabla hujanunua) nyuma yake, na usiweke "mengineyo" ya milioni mbili. Onyesha mchango wako. Onyesha nani atanunua, barua za wateja wawili watatu zinatosha.

Mpe mtu asiyejua kitu chochote kuhusu alizeti asome. Akikwama sehemu, ibadilishe.

Na kuna matapeli. Fomu ya ruzuku ya serikali hailipiwi kwa namba ya simu ya mtu. Akitokea anayesema ana ndugu ndani atakupitishia ukitoa asilimia kumi, achana naye, na thibitisha tangazo kwenye tovuti ya taasisi yenyewe au nenda ofisini kabisa.

HATUA YA 7: Hela ikishaingia

Ruzuku kwa kawaida inakuja kwa mikupuo, mkupuo wa pili haushuki bila ripoti ya wa kwanza. Isome mikataba yote, sehemu ya umiliki wa ubunifu isome mara mbili. Fungua akaunti ya mradi peke yake. Bei ikibadilika, mfano bamba la chuma limepanda na unataka kuhamisha hela kutoka mafunzo kwenda vifaa, andika barua ya kuomba ridhaa kabla ya kuhamisha, ukishahamisha ndio ukaomba inakuwa kesi. Jaribio likifeli ndani ya mradi toa taarifa mapema ukiwa na kurasa za daftari mkononi, taasisi ya utafiti inaelewa kufeli, haielewi kimya.

Ukinyimwa, omba maoni ya watathmini kwa barua. Mara nyingi ni vitu vya kurekebishika, proforma hazipo, mtafiti mshirika hajasaini, soko halijaonyeshwa. Rekebisha, endelea kujaza daftari, na andiko lile lile liweke tayari kwenye faili na flashi kwa tangazo linalofuata.